Kanzu Nne

Daftari la fundi Sekiteke limelowa.
Mvua ya juzi ilipita kwenye tundu la bati
ikanywa wino wote, ikabakiza mistari
na neno moja tu: *deni*.
Mwenyewe yuko Bombo, wodi ya wanaume,
nusu ya mdomo imelala,
na Idi ni keshokutwa.

Nimebaki na cherehani na kanzu nne zilizopigwa pasi,
nyeupe zote, urefu umepishana kwa ukucha,
utadhani mapacha,
ila shingoni: moja ina tarizi ya njano,
moja bluu, moja kahawia,
na moja nyeupe juu ya nyeupe,
huioni mpaka uiguse.

Shangazi anasema, "Si waje wachague wenyewe?"
Shangazi hajui wateja.
Waite wanne, waoneshe njano,
utapata wenye njano wanne.

Basi nikachukua chaki ya kukatia
nikachora miraba juu ya meza,
kama Ngamiani ilivyochorwa, barabara kwa namba,
anayepotea amependa mwenyewe.
Huku majina: Mwinjuma, Hatibu, Shekue, Chande.
Juu, rangi. Pembeni, makwao:
ya Tano, ya Nane, ya Kumi na Moja, ya Kumi na Tano.
Vyumba vingi, havina mtu.

Sasa, nakumbuka nini?
Maneno ya fundi yalikuwa ya kupita,
ameuma pini, anasema na kitambaa kuliko nami.

"Huyu wa ya Tano hataki urembo, nyeupe juu ya nyeupe."
Nikatia pata moja, makosa sita.

"Wa bluu naye si mbali, namba yake haijafika kumi."
Basi ya Nane. Imebaki hiyo tu.

"Kwa Chande ni mbele ya kwa Shekue,
kwa Shekue mbele ya kwa Mwinjuma,
ukihesabu toka ya Kwanza."

Na hili nililiona kwa macho:
siku uzi wa njano ulipokatwa,
mwenye nao alisimama mlangoni akiukodolea.
Simkumbuki sura, jua lilikuwa nyuma yake.
Lakini siku ile Hatibu alikuwa Muheza, msibani,
na Chande hajaleta hata kitambaa.

Mwinjuma ana wawili mbele yake,
hawezi kuvuka ya Nane.
Njano haishuki chini ya kumi.
Hatibu, kosa. Chande, kosa. Mwinjuma, kosa.
Sikumtafuta Shekue;
wenzake walitoka mmoja mmoja, akabaki amesimama.
Na Chande, aliye mbele yake, hana pa kwenda
ila ya Kumi na Tano, na kahawia.

Hapo nikakwama.
Watu wawili, barabara mbili, nyeupe na bluu,
na kila nilipompanga mmoja, mwingine naye alikaa vizuri.
Wauza tende wakapita, wakarudi.
Nikalitazama lile daftari lililokunjamana juani.
*Deni.*
Fundi hakopeshi uzi wa rangi, hata kwa nduguye.
Basi mdaiwa ni wa nyeupe.
Na tangu mfungo uanze, ni nani
akifika usawa wa duka letu huvuka upande wa pili,
akajifanya anasoma bango la sabuni?

Hatibu. Pata.

Chande alitangulia kuja.
Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye njano.
"Hii yangu."
Sikubishana. Nilimwonesha meza.
Akafuata miraba kwa kidole, polepole,
mpaka kilipogonga jina lake,
akacheka kwa pua, akalipa,
akaondoka na kahawia yake kwapani.

Hatibu hakuja. Alimtuma mtoto
na nusu ya pesa ndani ya mfuko wa tende.
"Mbona haina tarizi?"
"Iguse."

Meza sijaifuta.
Jana nimetandaza juu yake sare ya mtoto wa Chumbageni;
nilipoigeuza, upande wa ndani
palikuwa na makosa tisa na pata moja,
hafifu, ya kukung'utwa kwa mkono.
Nikakata.